Jiwe Nililoliacha Walukuba

Kwenye uwanja wetu, kabla ya kucheza mpira wa magongo, kwanza unainama. Timu yetu ya wanawake ya mtaa wa Walukuba inacheza kwenye udongo mwekundu ambao hutoa mawe mapya kila mvua ikinyesha. Kwa hiyo mazoezi huanza kwa kuokota mawe. Uwanja hugawanywa kwa chupa zilizojazwa mchanga, kila mchezaji anapewa kipande chake, na asiyemaliza kipande hagusi gongo siku hiyo. Sheria hiyo iliwekwa na kocha wetu, mwanajeshi mstaafu tunayemwita Afande. Mpira wetu ni mgumu, na ukigonga jiwe unaruka usoni.

Mimi ndiye nahodha. Mchezo huu sikufundishwa na mtu. Niliujifunza kwenye video za simu, nikirudia pigo lilelile nyuma ya nyumba mpaka plasta ya ukuta wa jirani ikabanduka. Nadhani mtu aliyejifunza hivyo huishi akiogopa kwamba siku moja atagunduliwa hajui. Ndiyo sababu nilikuwa na daftari. Humo niliandika nani amechelewa, nani amepoteza mpira, nani amejibu vibaya. Nilisema ni kwa faida ya timu, lakini makosa ya wenzangu yalikuwa yananituliza.

Kisha akaja dada mmoja kutoka mji wa Mbale. Alikulia Namatala, mtaa wa huko, akahamia kwetu kumsaidia shangazi yake anayepika chapati karibu na kiwanda. Habari zake zilifika kabla yake: timu yake ya zamani ilimfukuza kwa kumpiga mpinzani gongo la mguuni na kumtukana mwamuzi. Afande alipomuuliza, hakukana.

"Nilimpiga," alisema. "Alinivuta jezi tangu mwanzo, lakini nilimpiga."

Na alijua kucheza. Alikuwa anapita kwenye udongo ule wenye mashimo kana kwamba ameusawazisha yeye mwenyewe.

Afande aliniita pembeni. "Nahodha, unasemaje? Tumchukue?"

Nilitaka kusema hapana. Badala yake nikasema tumwangalie mwezi mmoja, na nikajisikia mwenye busara. Afande akakubali: akitulia mwezi mzima, atakwenda nasi Mbale kucheza na timu yake ya zamani. Yule dada hakuomba kitu kingine. Aliitaka mechi hiyo tu.

Mwezi ule nilimwangalia yeye kuliko nilivyouangalia mpira. Jumamosi ya mwisho alichelewa kidogo. Kipande chake kilipakana na changu. Nikaacha kuokota, nikatoa daftari, nikaandika. Nilipoinama tena, filimbi ikalia. Nilikuwa nimebakiza hatua tatu hivi mpakani. Nikajiambia hatua tatu si kitu, nikasaidia kuondoa chupa, tukaanza kucheza.

Haikuchukua muda. Yule dada alitoa pasi, mpira ukapita kwenye zile hatua tatu, ukaruka na kumpiga mdomoni mchezaji wetu mwenye umri mkubwa kuliko wote, Mkenya anayeuza mitumba sokoni, ambaye tunamwita Mama. Mdomo ulipasuka na jino likalegea.

Afande alichuchumaa, akalichomoa jiwe. "Kipande hiki ni cha nani?"

Chupa hazikuwepo tena. Mpaka ulibaki vichwani mwetu, na vichwa vyote viligeuka upande mmoja.

"Changu kiliishia pale," alisema yule dada.

"Si ulichelewa?" mmoja akamwambia.

"Nilichelewa, na nikamaliza."

Afande akanigeukia. "Nahodha, wewe ulikuwa jirani yake. Uliona?"

"Sikuangalia vizuri, Afande."

Mimi, niliyekuwa nimemwangalia mwezi mzima.

Afande akasema yule dada hatakwenda Mbale. Naye alirusha gongo lake nje ya uwanja, akasema maneno ambayo siwezi kuyaandika, akaondoka. "Mnaona sasa?" mtu akasema nyuma yangu. Nilisikia nafuu. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa: hasira yake ilinifunika.

Siku mbili baadaye nilikwenda sokoni kumjulia hali Mama. Alikuwa anakunja mashati huku mdomo umevimba.

"Usinichekeshe," alisema. "Jino litaangukia kwenye nguo za wateja."

"Unaendeleaje, Mama?"

"Naishi kwa uji. Yule msichana wa Mbale alikuja jana. Anasema kipande si chake, lakini mpira ulitoka kwenye gongo lake, kwa hiyo pole. Na ameniletea chapati. Mtu hana mdomo, yeye anamletea chapati."

Sikuweza kucheka. "Mama, kipande kilikuwa changu."

Aliendelea kukunja shati mpaka akalimaliza. "Usiniambie mimi. Mimi nina jino la kuangalia."

Mazoezi yaliyofuata niliwaambia wote, wakiwa wameinama kwenye vipande vyao. Hakuna aliyenikaripia. Afande alisema tu kwamba sheria ni moja: nitakwenda Mbale lakini sitagusa gongo, na nafasi ya yule dada nitamrudishia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nikaenda kwa shangazi yake. Alinisikiliza akiwa anasukuma chapati, hakuinua macho.

"Nitakuja," alisema. "Nakuja kwa ajili ya mechi. Usifikiri ni kwa ajili yako."

Mbale, wenzake wa zamani walimsubiri. "Leo wamekufunga kamba?" walimuuliza. Alicheza vizuri, akatufungia bao. Kipindi cha pili mwamuzi alimnyima pigo la adhabu, naye akamfokea mbele ya watu wote. Kadi ya njano, na kwenye magongo kadi hiyo inakutoa nje kwa dakika kadhaa. Akaja kukaa kwenye benchi, na nafasi iliyokuwepo ilikuwa kando yangu.

"Mbona ulinyamaza siku ile?" aliuliza, akitazama uwanjani.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kuonekana kama wewe."

Alifuta jasho usoni. "Basi ona," akasema, "tumekaa benchi moja."

Akiwa nje, wapinzani walisawazisha. Aliporudi hakumgusa mtu, wala hakumfokea mtu tena. Mechi ikaisha sare.

Watu huniuliza kama timu ifungulie mlango mchezaji hodari mwenye tabia ya kutiliwa shaka. Sina jibu safi. Bao la kusawazisha lilitokana na mdomo wake, na Afande bado anamwangalia, na ni haki yake. Lakini mimi sikuwahi kuangaliwa mwezi hata mmoja. Nilipewa unahodha kwa sababu nilikuwa nawahi na sisemi kwa sauti. Hakuna aliyejua ningefanya nini siku ya kuulizwa swali moja rahisi. Hata mimi sikujua.

Daftari nimeacha kulibeba. Jumamosi iliyofuata tulipangiwa tena vipande jirani. Yule dada alifika mapema, akaitazama chupa ya mpakani, akainyanyua na kuisogeza upande wangu, hatua tatu nzima.

"Hizi nichukue mimi," alisema. "Wewe maliza kilichobaki."

Nikainama, nikaanza kuokota.