Jumamosi Saba za Omolo

Mwaka wa elfu mbili na saba Omolo alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa na uchovu wa mzee wa sitini. Kila siku ya kazi alitoka nyumbani Noonkopir saa kumi na moja alfajiri kwenda kulinda mabati ya tajiri katika stoo moja ya Nairobi, akarudi watoto wamelala. Dolphine, kifungua mimba wake, alikuwa amezoea kumwachia baba barua mezani: nimekuwa wa sita, sweta imeraruka.

Tumaini lake la kuacha kazi hiyo lilikuwa Isinya. Chama cha wafugaji wa kuku huko kilitaka tovuti ambayo mteja angeagizia vifaranga bila kufunga safari. Mwenyekiti, Mzee Parmuat, aliahidi kwamba programu ikifanya kazi kufikia mwisho wa Juni, chama kitamwajiri Omolo, afanyie kazi Isinya, arudi kwake jua likiwepo. Omolo alikuwa amesomea kompyuta jioni jioni, na kichwa alikuwa nacho. Kufikia mwezi wa tano programu ilikuwa tayari kwenye kompyuta yake ya nyumbani, imeandikwa kwa lugha ya PHP, toleo la tano.

Kilichobaki kilikuwa pa kuiweka. Nalianya, mzee wa kanisa lao, alifanya biashara ya kuhifadhi tovuti za watu kwenye seva yake. Jumapili moja alisimama mbele ya waumini akatangaza kwamba amempa Ndugu Omolo nafasi bure. Watu wakapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele, na Omolo akainama kushukuru mpaka tai ikagusa benchi.

Jumamosi iliyofuata akaenda saiba, duka la kulipia intaneti kwa dakika, kuipandisha programu. Ukatokea ukurasa mweupe wenye mstari mmoja wa makosa. Akafanya linalofanywa na kila fundi wa kazi hiyo: akaandika faili fupi ya kuiuliza seva inatumia toleo gani, akaifungua. Likaja jedwali refu la zambarau, na juu yake, kwa herufi nene, toleo la nne. Kumbe ndiyo maana. Lugha ya toleo la tano ilikuwa na maneno ambayo la nne halikuyajua.

Sasa, jedwali lile husema toleo linalotumika pale. Halisemi kama mwenye seva ameweka jingine kando. Lililobaki lilikuwa kumwendea mwenyewe, na kuuliza si ujinga, hata mtoto wa nasari anajua. Lakini Omolo alilelewa kwamba ukikaribishwa mezani, huinui mfuniko kuangalia kama kuna kuku. Tena amepigiwa makofi! Amwendee mzee wa kanisa amwambie zawadi yako haitoshi? Kumtetea ni vigumu. Adabu yake ilikuwa imevuka mpaka ikawa upumbavu.

Akaamua kuiandika programu upya kwa toleo la nne, mstari baada ya mstari. Jumamosi saba zikaenda hivyo. Siku ya michezo shuleni, mkewe Apondi alienda na watoto peke yake.

"Baba Dolphine, si umuulize Nalianya?"

"Nimuulize nini, na mtu amenisaidia?"

Jumamosi ya mwisho ya Juni ilimkuta Isinya mbele ya kamati, macho mekundu. Programu ile mpya ilipokea maagizo, lakini mteja akiomba vifaranga mia, ilimwandikia sufuri.

"Sopa, Omolo," Mzee Parmuat akamsalimia kwa Kimaasai.

"Ipa, mzee."

"Hiyo kitu imekubali?"

"Bado kidogo. Niko na shida na seva."

"Na mwenye seva anasema nini?"

Omolo akatazama viatu vyake. "Sijamuuliza."

Mzee alimwangalia bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Sisi tumengoja, lakini vifaranga haingojangi. Tumeandika msichana wa kushika simu. Ataweka order kwa kitabu."

Kesho yake, baada ya ibada, Omolo hakuwa na cha kupoteza tena. Akamfuata Nalianya langoni.

"Mzee, samahani. Seva yako iko na toleo la nne pekee?"

"Ati nne? Hapana! Ya tano iko tangu January. Wewe unaongeza tu tano mwisho wa jina ya faili. Si ungeniuliza, ndugu yangu?" Akampiga begani, akaenda kusalimia wengine.

Omolo akapitia saiba na suti yake ya kanisani. Akapandisha programu ile ya kwanza, ya mwezi wa tano, akaongeza tano mwishoni mwa majina ya faili, akajiagizia vifaranga mia. Skrini ikamjibu: Agizo lako limepokelewa, vifaranga mia moja. Alikaa akiitazama hadi dakika zake zikaisha.

Nyumbani alimsimulia Apondi yote. Alitaka amcheke, yaishe. Apondi hakucheka. Alimwekea ugali, akaketi.

"Na ungemuuliza ule mwezi wa tano, angekujibu aje?"

Omolo akaushika mkono wa mkewe, akahisi machozi yanamjia, wala hakuyaficha.

"Hivyo hivyo," akasema. "Angenijibu tu hivyo hivyo."