Sabuni Ngumu za Mama Alvina

Ghislaine Duguay alitaka kuwa daktari wa meno tangu utotoni, na sababu ilikuwa ikila naye meza moja. Mama yake, Alvina, hakuwa na jino hata moja la kwake kinywani. Aling'olewa yote kabla ya harusi, mabovu na mazima, kwa gharama ya baba yake, ili bwana harusi asije akasumbuliwa na gharama za meno ya mkewe. Kwetu Shippagan, pwani ya mashariki ya Kanada, hiyo ilikuwa zawadi, na bibi harusi alipongezwa. Mimi nikikumbuka napandwa na hasira mpaka leo.

Miaka ile, mtihani wa kuingia chuo cha meno haukuwa wa kalamu tu. Ulipewa kipande cha sabuni na kisu, ukachonga umbo lililochorwa kwenye karatasi, pande sawa, kona kali. Wasahihishaji walitaka kuona ustadi wa mkono wako. Ghislaine, mwalimu wa shule ya msingi, alichonga kila jioni mezani huku supu ya kuku ikichemka.

"We Ghislaine, leo tena tunakula povu?" Alvina alimtania.

"Kula tu, Mama. Utatakata mpaka roho."

Sabuni alizileta Alvina mwenyewe. Alizifungua, akazipanga kwenye rafu juu ya jiko, zikakaa huko mpaka zikakauka kabisa, kama walivyofanya wanawake wote wa pwani yetu ili zisiishe upesi. Ghislaine alizizoea hizo, akibonyeza kisu kwa nguvu zake zote. Basi siku ya mtihani, kule mjini Moncton, akapewa sabuni mpya, imetoka kwenye karatasi yake saa hiyo hiyo. Kisu kikazama kama kwenye siagi na kona nzima ikadondoka.

Walipotoka nje, msichana aliyekaa jirani yake alimwuliza kulikoni. Ghislaine akamweleza habari za ile rafu.

"Lo, dada! Kumbe mwaka mzima umechonga jiwe!"

Alifeli. Alirudi nyumbani amefura.

"Mama, ulijua?"

"Nijue nini mimi? Sabuni mbichi inaisha haraka, kila mtu anajua." Kisha Alvina akasema polepole, "Lakini ulipofeli nilifurahi kidogo. Mungu anisamehe. Nyumba hii bila wewe nitaongea na nani, mwanangu?"

Ghislaine alikwenda zake kulala. Alimpenda mama yake, na alitamani kuondoka mpaka kifua kikamuuma, na vyote viwili vilikaa humo humo bila kupatana.

Kulipokucha alikuta sabuni mezani, zikiwa bado ndani ya karatasi zake. Alvina alikuwa ameketi na kitabu cha masomo mapajani, miwani puani.

"Wewe unasoma vibaya," alisema. "Unapitia ukurasa ule ule mpaka unausinzilia. Funga macho nikuulize."

Kuanzia siku hiyo wakasoma hivyo, mama akiuliza, binti akijibu bila kuchungulia. Alichokosa leo aliulizwa tena kesho, na keshokutwa, na Alvina hakumwonea huruma hata chembe.

"Jino la mbele la juu lina mizizi mingapi?"

"Mmoja."

"Gego la juu?"

"Mitatu."

"Mitatu!" Alvina alishika shavu lake. "Ndiyo maana yule bwana aliyening'oa alivuta sana."

Kisha akafungua ukurasa unaofuata.

Mwaka uliofuata Ghislaine alipita mtihani, sabuni na kalamu pia. Siku ya kwenda chuoni, mjini Halifax, Alvina alimsindikiza hadi kwenye basi, akamfunga skafu shingoni ingawa hapakuwa na baridi.

"Akija kwako msichana," alisema, "anataka kung'olewa meno yote kwa ajili ya harusi, usimgombeze. Atakuwa ametumwa na kwao."

"Sasa nimwambie nini, Mama?"

Alvina aliziba mdomo kwa kiganja, kama alivyozoea mbele za watu. Halafu akakishusha.

"Mwambie kwamba mama yako sasa ni bibi kizee, na bado anaota anatafuna tufaha."