Mke wa Mwenye Bunduki

Kule Keringet, Chepchumba alikuwa na majina mawili. Wanawake wa kanisa walimwita Mama Gedion. Watu wa sokoni, hasa wale waliohamia miaka ya karibuni, walimwita mke wa mwenye bunduki, naye hakulikataa jina hilo ingawa hakulipenda. Mumewe, Micah Kiptum, alipewa laiseni ya bunduki ya marisau enzi zile nguruwe mwitu walipokuwa wakitoka msitu wa Mau na kufukua viazi shamba zima. Nguruwe walipungua, msitu ukarudi nyuma, bunduki ikabaki.

Sasa Micah hakuwepo tena. Figo zilimshinda, wakamzika kando ya mikaratusi aliyoipanda mwenyewe. Chifu alipokuja kutoa pole alimkumbusha kwa upole kwamba bunduki inafaa irudi polisi, kwa maana laiseni ilikuwa ya marehemu.

"Ukimaliza mambo ya matanga, mama, utaileta," alisema. "Hakuna haraka."

Matanga yaliisha, majani yakaanza kuota juu ya kaburi, na Chepchumba hakuwa ameipeleka. Haikuwa kwamba aliipenda. Alichokipenda ni harufu yake. Kila Jumapili baada ya kanisa Micah alikuwa akikunja mikono ya shati, anatandika gunia kwenye veranda na kuipangusa bunduki kwa mafuta, polepole, redio ikiimba nyimbo za kwaya pembeni. Yeye Chepchumba alikaa karibu naye akisugua vibuyu vya mursik, yale maziwa ya kugandisha, kwa kijiti cha moto. Hawakuzungumza sana. Ukungu ulipanda kutoka bondeni ukafunika shamba la pareto, hata usijue maua meupe yanaishia wapi na ukungu unaanzia wapi. Kama mtu angemuuliza ndoa yake ilikuwaje, angemwambia ilikuwa saa ile: mafuta ya bunduki, moshi wa vibuyu, na mwanamume anayeimba sauti ya chini bila kujua kwamba anaimba.

Jumamosi moja mwanawe Gedion alifika kutoka Nakuru, anakoishi na mkewe mtaa wa Kiamunyi. Hakumaliza hata kikombe cha kwanza cha chai.

"Mama, hiyo bunduki usirudishe. Niachie mimi niombe laiseni. Nimeuliza, nimeambiwa mtoto anaweza kuomba ya baba yake."

Chepchumba alijua sababu. Mwezi uliotangulia wezi waliingia kwa Gedion saa ya taarifa ya habari, taa zote zikiwaka, familia imeketi. Walichukua simu na televisheni. Natalie, mke wa Gedion, alipigwa kofi kwa sababu pete ilikataa kutoka kidoleni. Mtoto wao Chemutai aliona yote akiwa chini ya meza, na tangu siku hiyo akisikia geti linagongwa anajikojolea.

"Nilikaa kwa kochi kama mgeni, Mama," Gedion alisema. "Kwa nyumba yangu. Mtu anampiga bibi yangu, na mimi nimeinua mikono hivi. Nilikuwa nafikiria Baba tu. Baba hangekaa. Baba alimpiga yule mwizi mara moja akaanguka, na hakuna mtu alitusumbua tena. Hiyo stori nilikuwa nasimuliwa na watoto wenzangu shuleni."

"Nani alikuambia alianguka mara moja?"

"Si kila mtu anajua?"

"Wewe ulikuwa kwa kogo, mamake baba yako, siku hiyo. Na hao wenzako walikuwa kwao." Alimwongezea chai bila kuulizwa. "Hakufa mara moja. Kunywa, nikuambie."

Wakati ule ilikuwa masika, giza ndiyo kwanza linaingia, na Chepchumba alikuwa jikoni akisonga ugali. Jiko lilikuwa nyumba ndogo ya mbao iliyopakana na nyumba kubwa. Mlango ulisukumwa, wakaingia vijana watatu wenye mapanga, maji yakiwachuruzika. Mmoja alimshika nywele kwa nyuma. Hawakuuliza pesa wala simu. Siku hizo simu zilikuwa za watu wachache. Waliuliza neno moja.

"Bunduki iko wapi?"

Hilo ndilo Chepchumba alilolifikiria miaka mingi baadaye akipalilia. Walikuja kwa ajili ya bunduki yenyewe. Kama isingekuwepo, pengine wangepita mlango wake kama walivyopita milango ya wengine. Na kama isingekuwepo, na wao wakaja hata hivyo, angekuwa kaburini. Mambo hayo mawili aliyapima pamoja, na hakuna siku ambayo jambo moja lililishinda lingine.

Micah alikuwa chumbani. Alisikia. Alitokea katika mlango wa ndani ameishika bunduki, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Mnayoitaka ni hii. Mwacheni mama, mwende."

Wawili walikimbia. Wa tatu, kijana mrefu, ndiye aliyekuwa amemshika Chepchumba nywele. Huenda aliogopa kugeuza mgongo. Huenda hakuamini. Alinyanyua panga juu ya kichwa cha Chepchumba.

"Kijana," Micah alisema, "usinilazimishe."

Panga lilipoanza kushuka, bunduki ililia. Katika kile kijumba cha mbao mlio ulikuwa kama mti unaopasuka ndani ya kichwa. Vibuyu vilianguka. Chepchumba alijikuta ameketi chini katika maziwa na damu, masikio yamezibwa, akijipapasa shingo aone kama ipo. Alipoinua macho, mumewe alikuwa ameweka bunduki mezani, amevua koti, amepiga magoti na kulikandamiza koti hilo juu ya kiuno cha yule kijana.

"Leta shuka," alimwambia mkewe. Chepchumba aliona midomo yake tu, sauti hakuisikia.

Walimpakia kwenye pikapu. Micah aliendesha kuelekea hospitali ya Molo, barabara yote tope, na Chepchumba alikaa nyuma chini ya turubai, kichwa cha mtu aliyetaka kumkata kimelala mapajani mwake. Kijana alikuwa amenyolewa vizuri, kama mtu aliyejiandaa kwenda harusi.

"Mama, baridi," alisema.

Chepchumba alimfunika kwa leso yake. Baada ya muda kijana alisema tena, "Mama." Kisha hakusema neno. Walipoikaribia lami kichwa kilikuwa kizito, naye aligonga kioo cha mbele kumwambia Micah apunguze mwendo, kwa kuwa haraka haikuwa na kazi tena.

"Alikuwa anaitwa Maxwel," Chepchumba alimwambia mwanawe. "Umewahi kulisikia jina hilo hapa nyumbani?"

"Hapana."

"Baba yako alilitaja kila akiomba. Kwa sauti ya chini, baada ya majina yenu."

Polisi walimhoji Micah, wakaliangalia panga, wakamwambia hakufanya kosa. Majirani walimletea kondoo wa kumpongeza. Alimfungia nyuma ya nyumba, akakataa achinjwe. Kogo, mamake Micah, ambaye kanisani alikaa kiti cha mbele, alisema kwamba kanisa ni kanisa, lakini wazee wa zamani hawakumruhusu mtu aliyemwaga damu, hata damu ya adui, akaribie watoto wake kabla hajatakaswa. Akambakiza Gedion kwake majuma kadhaa.

"Mimi nilidhani ilikuwa likizo," Gedion alisema. "Kogo alikuwa ananipikia mayai kila asubuhi."

"Ulirudi umenona," mamake alijibu, na kwa kitambo walicheka wote wawili.

Kisha Micah akasema anataka kwenda kwa mama wa yule kijana. Mchungaji alimkataza. Ndugu zake walimwambia atauawa huko. Chepchumba alisema kama ni kwenda, wataenda wote. Walimpata yule mama, Cherono, nje ya nyumba yake karibu na Olenguruone, akipukuchua mahindi. Micah alivua kofia, akasema jina lake, akasema, "Ni mimi." Maneno mengine aliyokuwa ameyapanga njiani hayakutoka.

Cherono hakupiga kelele. Hakuwaambia waketi, hakuwafukuza. Mikono yake iliendelea na mahindi. Mwishowe alimtazama Chepchumba, si Micah.

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilimshika."

"Alisema nini?"

Chepchumba alikuwa amejiuliza swali hilohilo. Hapa kwetu kila mwanamke aliyezaa ni mama. Kijana yeyote anayeomba maji mlangoni humwita hivyo. Hakujua na hangejua kama lile neno lilikuwa lake yeye au la huyu aliyeketi mbele yake.

"Alikuita," alisema.

Cherono aliitikia kwa kichwa, akaomba waende. Miaka iliyofuata, msimu wa kulima ulipofika, Micah alipeleka trekta kwake, na Cherono hakuikataza. Walipokutana sokoni wanawake hao wawili walisalimiana, wakaulizana habari za mvua. Lakini mpaka alipokufa, Cherono hakukanyaga nyumbani kwao.

Micah alibomoa lile jiko kwa mikono yake, akajenga lingine upande wa pili wa ua. Bunduki hakuirudisha. Chepchumba aliwahi kumwuliza kwa nini, naye alijibu kwamba watu walishajua ipo. Akiirudisha, wale wawili waliokimbia watasikia. "Nikishaiingiza nyumbani," alisema, "ni kama nimeoa. Siwezi kuamka siku moja niseme sijui ilitoka wapi."

Halafu kuna habari ya ng'ombe. Hiyo Gedion aliijua, kwa kuwa alikuwa mkubwa. Wezi walikuja jioni ya ukungu, wakafungua zizi kabla giza halijaingia, na Micah alisimama dirishani na bunduki iliyojazwa, akawaangalia wakiwatoa ng'ombe wote, pamoja na yule mwekundu ambaye Chepchumba alimlea kwa chupa. Chepchumba alimvuta mkono.

"Piga, Baba Gedion. Piga hata hewani."

"Wana silaha. Nikipiga hewani watajibu, na mimi nitalenga. Hawajaingia ndani."

"Ng'ombe wangu si ndani?"

"Hapana," alisema Micah. "Ng'ombe wako wako nje."

Ng'ombe hawakurudi. Kiplangat, mdogo wake Micah, alimcheka mbele ya watu, akasema ile bunduki sasa ni fimbo ya kutembelea. Chepchumba hakumtetea mumewe. Alinunua maziwa ya dukani kwa hasira, akamwekea mezani pakiti nzima bila kikombe. Hata sasa, akiyasimulia haya kwenye veranda, hakuwa na hakika. Pengine Micah alikuwa na hekima. Pengine aliogopa tu kukiona kichwa kingine mapajani mwa mkewe. Alichokijua ni kwamba siku moja, katikati ya hasira hiyo, aliamka akamkuta jikoni akijaribu kusugua kibuyu, kazi ambayo mwanamume hafanyi, akikisugua vibaya, mkaa mpaka kwenye kidevu. Alimnyang'anya kibuyu. Hasira iliishia hapo.

Gedion alisukuma kikombe kando. Chai ilipoa.

"Kwa hiyo unanikataza," alisema.

"Sikukatazi. Nikukataze vipi, na mimi niko hai kwa sababu ya ile risasi? Sitasema alikosea. Sijawahi kusema, na nisingependa mtu mwingine aseme." Alikusanya vikombe, akavirudisha tena mezani. "Nakuuliza tu. Hao wa Kiamunyi, ungewapiga saa ngapi? Walipoingia? Walipochukua televisheni?"

"Alipomgusa Natalie."

"Na Chemutai chini ya meza?"

Gedion alitazama chini ya meza.

"Na ukishapiga, nani atakishika kichwa chake kwenye gari? Baba yako alikuwa na mimi. Umemuuliza Natalie?"

"Sijamwambia hata kwamba nimekuja kwa hii maneno."

"Basi anza hapo."

Gedion alimpigia mkewe simu akiwa kule kwenye mikaratusi, akitembea huku na huku kando ya kaburi. Chepchumba hakusikia walichosema. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Anasema hatalala nyumba moja nayo," alisema. "Anasema afadhali tuhame."

Jumatatu chifu alikuja nyumbani na askari kuichukua bunduki. Chepchumba ndiye aliyefungua sanduku la chuma. Kabla hajaitoa bunduki aliinama, na wanaume wakadhani anasali. Alikuwa akinusa. Mafuta yalikuwa bado yapo, hafifu, na kwa muda ule mfupi ilikuwa Jumapili, redio inaimba, na mtu wake yuko karibu, mkono ukinyooshwa unamfikia. Kisha alimkabidhi askari, akamwomba aishike vizuri, maana marehemu hakupenda iburutwe.

Gedion alihamisha familia yake kabla ya Krismasi, wakapata nyumba mtaa wa Section 58, huko huko Nakuru, ndani ya ua wenye majirani wengi. Bado humwambia mamake kwamba akisikia kishindo hujisikia mtupu, na kwamba siku nyingine hujuta. Chepchumba humsikiliza. Kila likizo ya shule hushuka kutoka Keringet na kulala kitanda kimoja na Chemutai. Mtoto humtaka amwambie habari za kugo, babu yake. Chepchumba humwimbia zile nyimbo za kwaya, sauti ya chini, akizikosea pale pale Micah alipokuwa akizikosea.