Wimbo Ulioshuka Mtoni

Vidole vya Deo vilinuka solusheni, ile gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli. Mpaka leo nikipita karibu na fundi baiskeli hujikuta nimesimama bila kukusudia. Deo alikuwa na miaka kumi na saba, mimi kumi na mmoja. Mchana aliziba pancha za watu pale Bombambili, jioni alikuwa mpiga gitaa wetu, gitaa ambalo alilitengeneza mwenyewe kwa galoni la mafuta na nyaya za breki. Tulikuwa sita, hatuna jina wala sare, na mazoezi yetu tuliyafanyia nyuma ya ghala la mahindi. Mimi nilipiga kayamba, vibaya lakini kwa nguvu zote. "Dada, unapiga kayamba au unapepeta mahindi?" Deo aliniuliza hivyo karibu kila siku, na kila siku nilinuna, kisha nikacheka.

Ninaoukumbuka zaidi ni msimu mmoja wa Juni, mahindi yameshavunwa na baridi ya Songea imeanza kuuma kweli. Jua likikaribia kuzama tulirudi nyumbani kwa desturi yetu ya kusindikizana kwa wimbo. Tulianza njia sote sita tunaimba. Kila aliyefika kwao aliacha kuimba, akabaki mlangoni akiwasikilizia wenzake mpaka sauti zipotee. Mwishoni tulibaki mimi na Deo. Kwetu palikuwa kwenye njia panda: mkono wa kulia njia ilipanda kwa kina Deo kupitia mikaratusi, mkono wa kushoto ilishuka mtoni. Nikishaingia kwetu, Deo alipanda peke yake akipiga gitaa na kuimba, nami nilikaa kizingitini nikimsikilizia. Akinyamaza, maana yake amefika. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na niliifanya kwa majivuno ya mtu mzima. Hata mama alinitegemea. Kutoka jikoni angeuliza, "Deo kafika?" nami ningejibu, "Kafika," ndipo tukala.

Hizo zilikuwa enzi za ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu tulivyokuwa tunavisikia tu. Mjomba wake Deo, aliyekaa ng'ambo ya mto na kufanya biashara kati ya Songea na Tunduru, alirudi safari moja na redio ya kaseti, nyeusi, ina mkono wa kubebea. Deo alimbembeleza wiki nzima mpaka akamwazima. Tukajirekodi nyuma ya ghala, wimbo wetu wenyewe wa kumsifu bibi mmoja aliyekuwa akitupa togwa. Tuliporudisha kaseti na kusikiliza, nilikataa katakata. "Huyo si mimi!" Wenzangu wakavunjika mbavu, kwa sababu kayamba ile hakuna aliyeweza kumsingizia mwingine. Furaha ya siku ile sijaipata tena mahali popote.

Basi jioni hiyo tulirudi bila kuimba. Tuliiacha redio ituimbie. Watu walitoka milangoni kututazama, na sisi tulitembea polepole makusudi ili watutazame vizuri. Hakuna aliyeona kwamba tumebadilisha kitu.

Kwenye njia panda Deo aliliweka gitaa mgongoni na redio begani. "Haya, nisikilizie," akasema, akapanda. Nilikaa kizingitini, miguu nimeifunika kwa gauni. Wimbo ulipanda mpaka kwenye mikaratusi, ukasimama kidogo pale pale, halafu ukaanza kurudi. Ukapita chini ya nyumba yetu, kwa haraka, ukashuka njia ya mtoni. Kisha ukakatika. Nilijua kabisa kwamba haukufika kwa kina Deo. Nikajisemea kwamba anakwenda kuwaringia vijana wa ng'ambo na wimbo wetu, bila sisi. Nikaona wivu, nikanuna.

"Deo kafika?" mama akauliza.

"Kafika," nikasema.

Asubuhi, kina mama waliokwenda kuchota maji walimkuta Deo chini ya mikaratusi. Alikuwa amepigwa kichwani, gitaa limepondeka chini yake, umande umemlowesha mwili mzima, lakini bado anapumua. Redio haikuwapo. Alikaa hospitali siku mbili, akafa. Waliomwua hawakujulikana. Msibani nilimsikia jirani akisema kwamba kama angeokotwa jioni ile ile labda angepona, baridi ndiyo iliyommaliza. Nilikuwa nimekaa mkekani na watoto wenzangu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mama alinitazama mara moja, akageuza uso, na mpaka anaingia kaburini hatukulizungumza.

Nimekaa na neno lile moja, "kafika," zaidi ya miaka thelathini. Mwaka jana nilirudi Songea, nikaenda kwa Mama Deo. Amezeeka, macho hayaoni vizuri, na maharage anayachambua kwa kuyapapasa na vidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe wa kayamba?"

Nikamweleza yote, hata ule wivu. Nililia kabla sijamaliza. Yeye aliendelea kuchambua, kisha vidole vikasimama.

"Na mimi niliusikia unashuka," akasema. "Nikajua anamrudishia mjomba wake redio, atalala huko huko. Nikafunga mlango." Akayasukuma maharage kando. "Miaka yote hii nilidhani ni mimi peke yangu."

Pale njia panda sasa bodaboda hupita kutwa nzima, na hakuna mtoto anayekaa kizingitini kumsikilizia mwenzake. Wana simu. Mwanangu yuko chuoni mbali, na akifika anakokwenda huniandikia: nimefika. Mimi humpigia hapo hapo, nikamwita jina lake, nikangoja aitike. "Mama, si nimeshaandika?" hunicheka. Namwacha acheke. Jioni ile kama ningemwita Deo mara moja tu, kwa jina lake, asingeniitika, nami ningetoka mbio kwenda kumtafuta.