Alasiri za Eda ya Shangazi

Enzi zetu pale Ngamiani kitabu kimoja kilisomwa na nyumba nzima, na msomaji alikuwa mmoja tu. Kwetu msomaji nilikuwa mimi, binti wa darasa la tatu, miguu imejaa vumbi la mchezo wa rede. Alasiri, vyombo vikishaoshwa na ua ukinukia samaki wa kukaanga, mama alitandika mkeka, wanawake wakasukana nywele, nami nikaitwa.

Mazoea hayo yalianza shangazi yangu Mwanasiti alipokaa eda. Mumewe, tuliyeishi naye nyumba hiyohiyo, alitutoka ghafla. Shangazi hakulia. Alikaa chumbani akitazama ukuta, chakula akikionja tu ili kumridhisha mama, na usingizi ukamkimbia kabisa. Nilimsikia mama akimwambia bibi kwamba asipolala huyu, tutampoteza. Nilimpenda shangazi kupita kiasi, nikashikwa na hofu.

Nikamwomba mwalimu kitabu cha hadithi. Akaniazima, akanionya kisiguswe na mikono ya mafuta. Nikaketi kizingitini kwa shangazi, mlango unaotazama uani, nikaanza kusoma. Sasa, shuleni tulizoea kusoma darasa zima kwa pamoja, tena kwa makelele. Kusoma peke yangu mbele ya wakubwa nilikujua kwa namna moja tu, ile ya chuo cha Kurani mbele ya maalimu: kichwa kinayumba, sauti inavutwa, inapanda na kushuka. Basi nikakighani kile kitabu kama ninavyosoma juzuu. Bibi, mama yake baba, akafuata sauti bila kusikiliza maneno, akajifunika kanga kichwani. Waliokuwa wakisukana wakatulia na vitana mikononi. Kila nilipopumua, bibi aliitikia amina.

Nikaenda hivyo hadi pale mtu mmoja mlafi alipojificha na sufuria ya pilau chini ya kitanda cha mama mkwe wake. Bibi akainua uso.

"Wee mwana, na hayo yamo msahafuni?"

Nikamwambia hapana bibi, hiki ni kitabu cha hadithi.

"Astaghafirullah. Na amina zangu zote hizo?"

Chumbani kukasikika kicheko. Alikuwa shangazi. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, kile kilio tulichokingoja tangu siku ya mazishi. Mama akaingia akamkumbatia. Bibi akaniashiria nikifunge kitabu, lakini shangazi akasema kwa sauti iliyokauka, "Mwacheni asome. Asome vilevile."

Nikasoma vilevile, kwa kuvuta na kupandisha. Kabla yule mlafi hajatoka uvunguni, shangazi alikuwa amelala, mdomo wazi kama mtoto. Nilipotaka kunyamaza, bibi ndiye aliyenikonyeza niendelee.

Tangu hapo nilisoma kila alasiri mpaka eda ikaisha, na hata baada yake, maana ua mzima ulikwisha kunogewa.

Wajukuu zangu leo wakichoka hushika simu, na wakiiweka chini wamechoka zaidi. Vitabu wanavyo tele, wamevipanga kabatini vikapendeza, vumbi ndilo linalovifungua. Siwagombezi, kila zama na watu wake. Mimi bado nasoma alasiri, miwani puani, na moyo wangu hutulia, alhamdulillahi. Ila nasoma kimyakimya, na nyumbani humu hakuna anayelala kwa sauti yangu.