Daktari alisema jeni, mimi nikasikia jini: mjukuu wangu alivyorudishwa kwao kwa kulala mapema

Wakuu, vijana shikamoo zenu nimezipokea. Walionizidi umri, shikamooni. Mimi ni bibi wa Bashay, Mbulu. Sikusoma. Ninasema, na mjukuu wangu Paulina anaandika kwenye simu.

Nimemkataza kupunguza neno, hata panapomhusu yeye. Sitawadanganya.

Paulina aliolewa Balangdalalu. Mwezi wa pili wa ndoa wakwe wakamrudisha na begi lake.

Kosa lake: saa moja jioni usingizi unamwangusha, baba mkwe hajala. Saa nane usiku yuko macho, anafagia uwanja. Wakwe wakasema anayetembea saa hiyo ni mchawi.

Nami niko hivyo. Mwanangu, baba yake Paulina, yuko hivyo pia. Ila yeye ni mwanamume, hakuna aliyewahi kumwuliza.

Mama yangu aliponioza alinionya: ukiamka, usishuke kitandani mpaka jogoo awike. Nimetii miaka yote, macho wazi gizani.

Paulina sikumwonya.

Tukaenda hospitali. Daktari akasema, "Bibi, hii huenda ni jeni ya ukoo wenu."

Nikasimama. "Jini? Sisi ni Wakristo! Paulina, lete kanga yangu, tunaondoka."

Paulina akacheka hadi machozi, mara ya kwanza tangu arudi. "Bibi, je-ni! Keti."

Daktari akaeleza upya. Mwilini mna saa. Jeni iitwayo PER2 huuelekeza mwili kutengeneza protini inayoongezeka na kupungua kila siku, na ndivyo saa hiyo inavyokwenda. Katika koo chache jeni hiyo ina tofauti ndogo, na saa hutangulia. Kipimo chake hakipo huku, lakini habari za ukoo wetu zilimtosha kushuku.

Jumapili nikasimama mbele ya wakwe. "Kama huyu ni mchawi, anzeni na mimi."

"Mama, usijitie aibu," baba mkwe akasema. "Kaa, tule kwanza."

Chakula kilichelewa hadi saa moja jioni. Nilipozinduka nilikuwa kitini, tonge mkononi, wote wananitazama. Hakuna aliyecheka.

Walisema watatoa jibu. Hadi leo kimya, na kila pikipiki ikipita njiani Paulina anaacha kuandika.

Nilichojifunza: nilidhani kunyamaza kwangu ni adabu. Kulikuwa woga, na aliyeadhibiwa ni mtoto.

Mwenye ndugu wa namna hii aandike hapa, tukawasomee wakwe. Andikeni kabla ya saa moja jioni. Baada ya hapo sisi tumelala.