Jumatatu Moja Iliyohesabiwa Mara Nne

Kwa miaka ishirini na sita, Obdulia Zermeño alitunza stoo ya kiwanda cha viatu mjini León, funguo kiunoni, na ngozi haikumwishia hata siku moja. Alilijua hilo, na alihakikisha kila mtu analijua.

Siri yake ilikuwa Jumatatu. Mafundi viatu wa León hawaipendi siku hiyo. Wengi hubaki nyumbani wakiuguza pombe ya Jumapili, na Jumanne wanarudi mbio wakitaka ngozi yote kwa mpigo. Basi kila alipoagiza, Obdulia aliongeza kidogo. “Ya Jumatatu,” alisema, na hakuna aliyemhoji.

Tangu Februari mdogo wake, Nicanor, alikuwa akila kwake. Kiwanda cha ngozi kilichoiuzia stoo ya Obdulia kilikuwa kimeachisha kazi watu kumi na mmoja, naye akiwamo. Kila mlo Obdulia alimsomea mwenye kiwanda hicho, mzee Crescencio, laana mpya.

“Hana roho yule! Kumi na mmoja, bila hata kupepesa macho!”

Nicanor alitafuna tortila yake, chapati ya mahindi.

Kwa hiyo injinia mpya wa kiwanda cha viatu, Yadira, alipowaita wote walioandika oda wakutane kwa mzee Crescencio, kila mmoja na daftari lake la oda, Obdulia alikwenda kwa furaha. Alitaka kumtazama yule mzee usoni.

“Tufuate oda moja tu, ya Novemba,” alisema Yadira. “Duka la Guadalajara lilitaka jozi mia tatu. Muuzaji wetu, uliandika ngapi?”

“Mia tatu na arobaini. Si unajua, Jumatatu.”

Fermín, msimamizi wa wakataji, alijikuna shingo. “Mimi niliomba ngozi ya mia nne. Jumatatu hiyohiyo.”

Watu wakacheka, na Obdulia akacheka kuliko wote, mpaka Yadira alipomgeukia.

“Na wewe, Bi Obdulia?”

Alifungua daftari. Mwandiko ulikuwa wake, mzuri, wa kujivunia. “Mia nne na themanini.”

“Na mimi nikaloweka ngozi ya mia tano na sitini,” alisema mzee Crescencio. “Nilijua Jumatatu zenu.”

Hakuna aliyecheka tena.

“Stoo ilipojaa, ulifanya nini?” aliuliza Yadira.

“Nikaacha kuagiza, ningefanya nini? Ngozi ilifika dirishani!”

“Kwa muda gani?”

Obdulia alifunua ukurasa, akafunua mwingine. Kurasa zilikuwa tupu. Wiki saba.

“Wiki saba, mama,” alisema mzee, na sauti yake haikuwa na hasira, jambo lililomuumiza zaidi. “Nilikuwa nainua simu kusikiliza kama bado ni nzima. Nikadhani mmehamia kwa mwuza ngozi mwingine. Ningewapa kazi gani wale watu?”

Obdulia akakaa juu ya rundo la ngozi mbichi bila kujali sketi yake. Miezi yote hiyo alikuwa akimlaani mtu, kumbe aliyemwondoa Nicanor kazini alikuwa yeye, kwa kalamu yake, huku akijisifu.

Yadira alieleza kwamba tangu wiki hiyo wangeagiza kile tu kilichouzwa madukani, na Jumatatu ingeongezwa mara moja, na stoo peke yake, wote wakiiona.

“Nipeni miezi mitatu ya oda zisizorukaruka,” alisema Crescencio, “nitawaita wote warudi.”

Jioni Obdulia alimkuta Nicanor mezani. Hakuvua hata shali. Alimweleza yote akiwa amesimama, haraka, kama anayeogopa kunyamazishwa.

Nicanor aliweka kijiko chini. “Wewe?”

“Mimi.”

“Si mzee?”

“Mimi, Nicanor.”

Alimtazama dada yake kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

“Mimi ni mdogo wako, nimekula kwako,” alisema. “Baudelio, tuliyeachishwa naye, ana watoto wanne. Tangu Februari anakula kwa nani?”

Obdulia alifungua mlango, akasimama pale kizingitini.

“Nipeleke kwake. Halafu kwa wale tisa wengine.”

“Watakutukana, dada.”

“Najua.”

“Na mimi sitakutetea.”

“Sijakuomba,” alisema Obdulia, na Nicanor akachukua kofia yake.